Kifaa gani cha mkono kinafaa kuviringisha magogo ya milingoti (mikaratusi) wakati wa kukata kuni? Mgongo unaelekea kukwisha

mwana_mufindi

Wakuu salama? Nina kashamba kangu ka milingoti huku Mufindi, miti imeshakuwa mikubwa na mingine imeangushwa na upepo, nimeamua niikate kuni maana kuna jamaa anakusanya anapeleka kiwanda cha chai. Chenso (msumeno wa injini) ninayo ya inchi 18, kwa hiyo shida yangu si kukata, shida ni gogo likishalala chini. Unakata kutoka juu, ukikaribia chini unaanza kuogopa, cheni ikigusa udongo mara moja tu makali yamekwenda, unakaa na tupa unanoa jino moja moja huku jua linazama. Sasa inabidi ugeuze gogo umalizie upande wa pili na hapo ndo balaa linaanza. Niko na kijana mmoja tu, tunasukuma kwa mikono, tunasukuma kwa miguu tukiwa tumekaa chini, tunachomeka mti tunabinua, gogo linapanda kidogo halafu linarudi palepale lilipokuwa.

Kuna wanaoniambia ajiri vijana wanne, nimepiga hesabu hailipi. Mwingine kaniambia nunua trekta, sawa mkuu nitanunua kesho asubuhi. Mi nataka kifaa cha mkono ambacho watu wawili wanatosha. Kuna video niliona wazungu wana mpini mrefu una ndoano pembeni, mzee wa watu anageuza gogo kubwa huku anapiga stori. Hicho kitu kinapatikana wapi, Mafinga? Iringa mjini? Au kuna njia ya kienyeji inayofanya kazi hiyohiyo?

Magogo yangu unene ni sentimita 30 mpaka 50, nayakata mita mbili mbili kwanza halafu mita moja moja ndo kipimo wanachotaka. Na shamba lina mteremko, sio mkali sana ila upo.

Mtarimbo Mmoja

Mkuu usitafute makubwa. Mtarimbo. Ule wa chuma wa kuchimbia mashimo ya nguzo, wa mita moja na nusu. Watu wanaudharau kwa sababu hawajui kuutumia, anauchomeka chini ya gogo anavuta kwa nguvu zote, egemeo hana au kaliweka mbali, lazima mgongo ufe.

Hesabu ni hii, gogo la mlingoti mbichi la sentimita 40 kwa mita mbili lina ujazo wa robo mita za ujazo, na mlingoti mbichi mita moja ya ujazo inakaribia tani, kwa hiyo hapo una kilo 250 au zaidi. Lakini wewe hulinyanyui lote, unanyanyua ncha moja, kwa hiyo kilo 125. Sasa weka jiwe au kipande cha gogo gumu chini ya mtarimbo, sentimita 15 tu kutoka pale mtarimbo unapogusa gogo, ukabaki na sentimita 135 upande wako, hiyo ni mara 9. Kilo 125 gawa kwa 9 unapata kama kilo 14. Kilo 14 hata mtoto wa darasa la sita anakandamiza. Ukishanyanyua kijana anasukumia chini kipande cha mti, unaenda ncha ya pili unafanya hivyohivyo, gogo liko juu ya miti miwili haligusi udongo, unakata utakavyo bila kugeuza chochote.

FundiChuma_Makambako

Mtarimbo ni mzuri kunyanyua ila kuviringisha hapana, mimi nasimama na ile ya ndoano. Maana mtarimbo unalisukuma gogo, halafu ukitaka kuendelea lazima uutoe uchomeke tena na ukiutoa tu gogo limerudi. Ndoano imeng'ata, unazungusha, ukifika mwisho unailegeza kidogo unaishusha inang'ata mahali pengine unaendelea.

Dukani Mafinga sijawahi kuiona na hata ukiipata itakuwa ya kuagiza, bei ya kukuliza. Tengenezesha. Sikiliza namna ninavyotengeneza mimi na usikubali fundi akupunguzie kitu.

Mpini chukua bomba la maji la chuma inchi moja na nusu, lile zito sio lile jepesi la fenicha, urefu mita 1.2 mpaka 1.5. Wengine wanataka mpini wa mti, sawa, ila uwe mti mkavu ulionyooka usio na fundo. Chini kabisa mwa bomba chomelea kipande cha chuma nene chenye meno mawili matatu kielekee upande wa ndoano, hicho ndo kinashika gogo upande mmoja. Halafu panda juu sentimita 30 hivi, hapo chomelea masikio mawili ya bamba la milimita 8, toboa, pitisha bolti ya milimita 16, ndoano ining'inie hapo iwe inapanda na kushuka tu, ISIYUMBE kushoto kulia. Ikiyumba itakuteleza siku mbaya.

Ndoano yenyewe sasa, na hapa ndo mafundi wengi wanaharibu. Watakupa nondo ya milimita 16 iliyokunjwa. Nondo itafunguka, gogo la kwanza zito utaona ndoano imenyooka. Chukua jani la springi ya gari, la pikapu linatosha. Ila springi ni chuma kigumu, ukiichomelea moja kwa moja inakatika pembeni ya weldi kama bisikuti, na ukiitoboa ikiwa vile vile utamaliza biti zote za drili. Kwa hiyo mpe mhunzi, aichome mpaka iwe nyekundu kabisa, aizike kwenye majivu ipoe taratibu usiku kucha, kesho yake inatoboka vizuri. Baada ya kutoboa anaichoma tena anaikunja duara, ncha aichonge iwe kali na aielekeze ndani, isitazame chini. Nikisema ndani namaanisha ukiiweka kwenye gogo ncha iingie kwenye mti kama vile unataka kuchoma kati kati ya gogo, ikilala itakwaruza tu ganda.

Kabla hujalipa beba kipande cha gogo chako cha sentimita 50 na kingine cha 30 peleka pale pale kwa fundi, jaribisha. Ikishika vyote viwili lipa ondoka.

mwana_mufindi

Fundi nimekuelewa sana, shukrani. Swali moja, yale masikio yakitoka weldi?

FundiChuma_Makambako

Yazungushie pande zote weldi sio nukta nukta. Au mwambie afunge pete ya bamba kuzunguka bomba zima halafu masikio yatoke kwenye pete, hiyo haitoki hata ukigeuzia lori.

kivu_ya_mbali

Jambo bandugu. Mimi niko Marekani huku Maine, nilitokaka Bukavu, na kazi ya kukata kuni huku ni kubwa sana sababu ya baridi, watu banawasha kuni nyumbani miezi na miezi. Ile video ulionaka, ile kitu iko na aina mbili. Moja chini iko butu na kajino kadogo, banaiitaka cant hook. Ingine chini iko na ncha ya chuma kali sawa mkuki, ile njo peavey. Na hii peavey ilianziaka hapa hapa Maine, mwishoni mwa miaka ya 1850, muhunzi moja jina Joseph Peavey, kwenye kamji ka Stillwater karibu na Bangor. Zamani magogo yalikuwa yanasukumwa kwa muto Penobscot, yanashikana katikati ya muto, na wafanyakazi walikuwa na mpini wenye ndoano iliyolegea inayumba yumba pande zote. Peavey yeye akaifunga ndoano isogee njia moja tu, juu na chini. Kwa hiyo ile neno la fundi kwamba isiyumbe, iko sawa kabisa, njo siri yenyewe. Mambo ya kusukuma magogo kwa muto hapa Maine yaliishia 1976, lakini chombo kimebaki, duka lolote la vyombo unakikuta.

Kwa kuni ya nyumbani mimi ningesema chukua ile ya butu. Ya mkuki ni ya kuchomeka katikati ya magogo yaliyopangana, kwa mtu anayekata chini inachoma udongo tu, na ukianguka juu yake ni shida ingine.

Iko na ya tatu pia. Ni ile ile ya ndoano lakini nyuma ya mpini, upande wa chini, kuna kamguu ka chuma. Unashika gogo, unalaza mpini mpaka chini, gogo linapanda juu ya kale kamguu, linabaki hewani sentimita ishirini na kitu, hata ukiachilia halirudi. Unakata bila kugusa udongo. Fundi akuchomelee na hiyo, ni bomba moja tu fupi na kabamba chini kasizame. Ila hii ni ya magogo membamba, la 50 ukikata mita mbili utaumia kulipandisha peke yako.

Mama Wawili Njombe

Wanaume mnapenda vyuma jamani. Mwanangu wa Mufindi, hivi kwa nini unahangaika kuligeuza gogo zima? Lipasue hapo hapo lilipolala. Sisi huku kuni tunachanja kwa kabari za chuma na nyundo kubwa, kabari tatu zinatosha. Unaanzia kwenye kichwa cha gogo pale penye ufa wa asili, mlingoti ukikatwa haukosi ufa, unapiga kabari ya kwanza mpaka ufa unatembea, unafuata ufa kwa juu unapiga ya pili, ya kwanza inalegea unaitoa unaiweka mbele. Gogo la mita moja linafunguka pande mbili, kila pande nusu ya uzito, unapasua tena unapata robo, robo hata binti yangu anabeba begani. Chenso inakuwa na kazi ya kukata mita moja moja tu.

Ila fanya ungali mbichi. Mlingoti ukishakauka unajifunga, nyuzi zake zimejisokota, utapiga mpaka kabari ichanue kichwa kama uyoga na mti unakuangalia. Na hicho kichwa kikichanuka kisage kwenye jiwe la umeme, vile vipande vya chuma vinaruka, kuna mzee huku kimemwingia jichoni.

Mtarimbo Mmoja

Mama hapo umenena. Ila bado kukata hizo mita moja lazima gogo ligeuke au liinuke, turudi kwenye mtarimbo hahaha

chenso_sauti

Hapana mzee halihitaji kuinuka. Nimefanya kazi kwenye shamba la miti la Sao Hill na vijana wa kukata, hakuna mtu anageuza gogo kila mkato, mtakufa. Mnafanya hivi. Gogo limelala, pima mita moja moja uweke alama kwa panga, halafu pita na chenso ukate alama zote kutoka juu lakini usimalize, acha kama robo ya unene chini. Gogo zima linakuwa limekatwa kila mahali ila bado limeshikana. Halafu unaligeuza MARA MOJA tu, kwa ndoano au kwa mtarimbo au kwa mapenzi yenu, nusu mzunguko, unarudi unamalizia zile robo kutoka upande wa pili. Hata gogo la mita sita unaligeuza mara moja, na refu ni rahisi kuligeuza ukilinganisha na unavyodhani kwa sababu kuviringisha sio kunyanyua, ni kulishinda lile bonde dogo lililojichimbia.

Angalizo, hii ni kwa gogo lililolala chini lote. Kama limeegemea ncha mbili na katikati pana uwazi, ukikata kutoka juu mkato unajifunga na chenso inabanwa, utaiacha humo ukaite watu. Hapo kata juu kidogo tu kama theluthi halafu malizia kwa chini kwenda juu. Au tembea na kabari ya mti mfukoni, mkato ukishaingia kiasi ichomeke kwa nyuma. Ya mti au plastiki, sio ya chuma, cheni ikigusa chuma utajua hujui.

Na kingine, kama bado una miti ya kuangusha, kabla hujaangusha laza vigogo viwili vyembamba chini pale mti utakapolala, vikiwa vimekingama. Mti ukianguka unalala juu yake, kazi yote ya kunyanyua imeisha kabla haijaanza. Ila kaeni mbali, mti ukipiga vile vigogo unaruka.

kimani_wa_blugamu

Niko Londiani Kenya, sisi huku tunauzia pia wenye majani chai, blugamu ndio hiyo hiyo milingoti yenu. Nimesoma yote na nashangaa hakuna mtu ameongelea ule mteremko, na jamaa amesema shamba lina mteremko. Hiyo ndio inaua watu huku, si pawa (hiyo chenso yenu). Ndoano ni safi lakini gogo likipata mwendo hakuna mtu anashika, usijaribu hata, achilia mpini ukimbie kando. Simama upande wa juu siku zote, na lisukume liende mbali na wewe, usilivute lije kwenye miguu. Kabla hujagusa gogo weka mawe mawili au vigingi upande wa chini, lakini acha nafasi ya ile nusu mzunguko, vigingi vipigwe ardhini kwa nyundo sio kuwekwa tu. Na usiwahi kuweka kichwa juu ya mpini ukiwa umekandamiza, ukiteleza unarudi kwa kidevu, kuna kijana hapa ana meno mawili ya mbele hana.

Sasa mambo ya kupakia. Kama unapakia magogo mazima kwa lori na hakuna mashine, tafuta kamba mbili na miti miwili mirefu ya mita tatu. Miti iegemee bodi ya lori kama ngazi. Kamba unafunga ncha moja kwa lori, unashusha inapita chini ya gogo, inazunguka inarudi juu, watu wanavuta wakiwa upande ule mwingine wa lori au ndani. Gogo linakuwa kama limelala ndani ya kitanzi na linapanda likijiviringisha lenyewe. Uzito unakuwa nusu kwa sababu upande mmoja wa kamba umebebwa na lori. Chukua lile la kilo 250, bodi iko juu mita 1.2, miti mita 3, kwa hiyo kusukuma juu ya mteremko ni kilo 100, kamba inagawa mbili inabaki 50, ongeza ya msuguano, wanaume watatu wanavuta wakicheka. Kamba ya katani kuukuu msiweke, ikikatika gogo linarudi chini na hakuna mtu anapaswa kuwa amesimama huko chini. HAKUNA MTU.

mwana_mufindi

Wakuu hii thread ni zaidi ya nilivyotegemea. Nimeshaongea na mhunzi hapa, springi ya pikapu ipo, bomba nimepata. Naona nitafanya ya chenso_sauti ya kukata yote kisha kugeuza mara moja, na nitapitia kabari za mama kwa yale manene. Kupakia mwenye gari anakuja na watu wake, ila ile ya kamba nitamuonyesha.

Bado nina jambo moja linanitatiza. Pembeni ya shamba nina misindano (misonobari) michache nayo nataka niipunguze. Msindano mbichi ganda lake linavuka, ndoano si itashika ganda tu ganda libanduke gogo libaki?

FundiChuma_Makambako

Itabanduka ndio, hasa msimu wa mvua maji yakiwa yamepanda kwenye mti, ganda linatoka lote kama soksi. Tumia panga toa ganda sehemu ndogo tu pale utakapoweka ndoano, ukubwa wa kiganja, na upande wa pili pale meno ya chini yanapokaa pia. Ncha ikiwa kali inaingia kwenye mti wenyewe haitoki. Na uinoe, watu wananoa shoka wanasahau ndoano.

chenso_sauti

Na ule utomvu wa msindano ufute kwenye meno kwa mafuta ya taa kabla haujakauka, ukikauka yanajaa hayang'ati tena. Cheni nayo hivyohivyo.

Mama Wawili Njombe

Kuni za msindano kiwandani wanachukua lakini? Huku kwetu wananikatalia, wanasema moshi.

mwana_mufindi

Mama hizo ni za jikoni kwangu na za kuchomea matofali. Kiwandani ni milingoti tu.